Siku Tuliyoezeka kwa Kabiru

Nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijasalimia vizuri, macho yangu yameshapanda juu. Binti yangu, ninayekaa naye hapa Skuta siku hizi, amenikanya mara nyingi. "Mum, watu watafikiri unatafuta utando wa buibui." Si utando. Natafuta misumari. Nataka kujua ni nani aliyepigilia, na kama alikuwa na haraka.

Mwalimu wenu wa ujenzi alikuja hapa nyumbani akaniomba niwaandikie ninyi vijana wa chuo chake juu ya kazi yangu ya kuezeka mabati. Alidhani nitaandika namna ya kupanga bati. Nitaandika hiyo pia, msiwe na wasiwasi. Lakini mimi ni mzee, na mzee akipewa kalamu huwezi kumchagulia njia.

Naanza na kosa langu la kwanza, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi.

Fundi aliyenifunza kazi aliitwa Mzee Gachanja, wa kutoka Gatitu. Kwanza nilikuwa namshikia misumari tu. Nilikuwa mke mgeni huko Mukurweini, mume wangu anafanya kazi Nanyuki na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, na mama mkwe wangu alikuwa anaezekewa jiko. Jiko lenyewe lilikuwa dogo, la kimo cha mtu na nusu, na upande wa nyuma ulikuwa umefichwa na migomba. Jua lilikuwa linazama na wingu jeusi linakuja. Mzee Gachanja akanitazama akasema, "Nyawira, wewe huniangalia sana nikipiga misumari. Panda huko nyuma umalize ule mstari. Hakuna atakayekuona."

Nikapanda. Bati la wakati ule, kama la leo, lina migongo na mabonde. Mimi nikaona ni akili kupiga msumari bondeni, maana hapo bati limegusa mbao na msumari unaingia bila kuyumba. Nikapiga mstari mzima, nikashuka nikijiona fundi.

Maji hupita wapi, vijana? Maji hupita bondeni. Mvua ya kwanza iliponyesha, kila msumari wangu ukawa bomba. Mama mkwe alisogeza mafiga mara tatu, na kila alipoyasogeza tone likamfuata likazima moto. Hakunigombeza. Alichofanya ni kuwaambia majirani, "Mke wa mwanangu ni mtu wa maana. Amenivutia maji mpaka jikoni. Siendi mtoni tena." Nilisikia maneno hayo sokoni, kanisani, na siku moja kutoka kwa mtu nisiyemjua. Tangu hapo sijapiga msumari bondeni. Piga mgongoni, msumari wenye kofia, na uweke kipande cha tyubu kuukuu chini ya kofia. Na usiupige kwa hasira hadi bati libonyee. Ukilibonyeza, umechimba bonde lingine mwenyewe.

Sasa, watu huniuliza, mwanamke wa miaka ile alifikaje juu ya paa? Si kwa ushujaa. Nilifika huko kwa sababu ya kikundi, na kwa sababu ya nyumba moja.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru. Wakati wa Emajensi, vita vya msituni vya kudai uhuru, mkoloni alikuwa ametukusanya katika vijiji vyenye boma na mahandaki, na vilipovunjwa kila mtu alirudi kwenye kipande chake cha shamba kujenga upya. Wengi wetu tulijenga kwa nyasi. Lakini nyasi nzuri za kuezekea zilikuwa zimekwisha, maana kila bonde lilikuwa limelimwa kahawa na ndizi. Paa la nyasi mbovu linavuja baada ya msimu mmoja. Watoto walilala wamesimamishwa kwenye kona kama majembe.

Mwanamke aliyeanzisha kikundi ni Mama Muriuki. Alikuwa mrefu, mwembamba, si mtu wa maneno mengi. Siku hiyo tulikuwa mtoni tukifua mablanketi yaliyolowa usiku, na nguo zetu zote zinanuka moshi na ukungu. Akasimama na blanketi lake mkononi, akatuangalia mmoja mmoja. "Tunalima pamoja," akasema. "Mtu akijifungua tunakwenda pamoja. Mbona kila mtu ananyeshewa peke yake?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yote.

Tukawa wanawake kumi na wanane. Siku mbili kwa wiki tulikwenda kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, na yote tuliyolipwa yakageuka mabati. Mabati yakitosha nyumba moja, tunapiga kura. Mama Muriuki alikuwa anaweka kwenye kiondo punje za mahindi na njahi moja, lile haragwe letu jeusi mnalolijua. Kila ambaye bado hajaezekewa anaingiza mkono bila kuangalia. Atakayetoa njahi, Jumamosi ni yake, na Mzee Gachanja anakuja kupigilia. Tulikuwa tunacheka, tunamsukuma aliyeshinda, tunaimba mpaka kwake. Kulikuwa na furaha ambayo sijui niwaeleze vipi. Unaona paa la mwenzako linang'aa upande wa pili wa bonde, na wewe bado unavujiwa, na bado unafurahi kama ni lako.

Nyumba ya tano, njahi ilimwangukia Wangeci.

Wangeci alikuwa rika langu. Kwenye kahawa alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, na alizungumza kama mtu anayeomba ruhusa. Alipoutoa mkono wake kwenye kiondo hakuufungua. Alisimama tu ameukunja. Mama Muriuki akamwambia, "Fungua tuone." Akafungua. Na wale wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele kila mara, siku hiyo hakuna aliyefungua mdomo.

Lazima mwelewe. Mume wa Wangeci aliitwa Kabiru, na wakati wa Emajensi alikuwa homgadi, mmoja wa wale wenyeji waliobeba bunduki za mkoloni dhidi ya watu wao. Siku walipokuja kuwahamisha watu kwenda kijijini, nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Nyumba ya Mama Muriuki ilichomwa naye amesimama nje, mtoto mgongoni, mumewe yuko msituni na wapiganaji, wala hakurudi. Aliyeshika mwenge alikuwa Kabiru. Alikuwa jirani, aliwahi kula katika nyumba ile ile.

Wangeci akasema polepole, "Mimi nirukeni. Mpeni mwingine. Sisi tumezoea."

Mama Muriuki alichukua njahi ile kutoka kiganjani mwake, akaiweka kwenye kiondo, akasema, "Kikao kimeisha." Akaondoka.

Wiki mbili zikapita. Mabati yalikuwa yamekaa nyumbani kwa Mama Muriuki, yamefunikwa na majani ya migomba. Hatukwenda kuchuma. Wengine walisema apewe anayefuata, yaishe. Wengine wakasema sheria ni sheria, Wangeci amechuma kuliko sisi sote. Mambo ya zamani ambayo hakuna aliyekuwa ameyataja tangu bendera ipandishwe yakaanza kutajwa, baba wa nani alikuwa upande gani, nani alipata shamba zuri na kwa nini. Watu waliokuwa wakiombana moto wakawa wanapishana njiani bila salamu. Mimi niliona kikundi kinakufa, na nililia, kwa sababu nilikuwa mgeni pale na kikundi ndicho kilikuwa kimenifanya mtu wa pale.

Asubuhi moja nilikuwa napalilia, nikaona kivuli. Ni Mama Muriuki.

"Wewe unajua kuezeka?"

"Fundi ni Mzee Gachanja, Mama."

"Nimetuma mtu kwake. Amekataa. Nimekuuliza wewe."

Nikamwambia ukweli kwamba nimeezeka mstari mmoja tu maishani na ulivuja. Hakucheka. Alikaa chini kwenye ukingo wa shamba, akang'oa nyasi, akaanza kuzisokota.

"Nimekaa na yale mabati wiki mbili," akasema. "Mvua ikinyesha nasikia matone yanagonga yale majani juu yake. Na mimi nawaza, sasa hivi watoto wa Wangeci wamesimama kwenye kona. Wale watoto hawakuwa wamezaliwa."

"Kwa hivyo umemsamehe?"

Akaniangalia kwa ukali. "Nani amesema msamaha? Nyawira, usinitwike kitu sijabeba. Nimesema mabati. Tulisema hakuna mtu atanyeshewa peke yake. Hatukusema isipokuwa fulani. Tukianza kusema isipokuwa, hakuna kikundi, ni sisi tu tena, kama zamani."

Siku iliyofuata nilipanda basi mpaka Gatitu kumbembeleza Mzee Gachanja. Nilimkuta akipiga randa mlango. Alikuwa amefungwa kizuizini na mkoloni miaka mingi, na mgongo wake haukunyooka tena.

"Mwanangu," akasema, "kazi yoyote nitakufanyia. Lakini mikono hii haitapiga msumari kwa mtu huyo. Usiniulize mara ya pili."

Sikumuuliza. Hakuwa na makosa, na sitaki mmoja wenu aseme alikuwa na roho ngumu. Nilinywa chai niliyopewa na mke wake, nikaaga. Nilikuwa nimefika langoni aliponiita.

"Ile nyumba imeelekea wapi?"

"Inatazama bonde."

"Mvua inapiga ukuta gani?"

Nikasema sijui. Akakasirika. "Fundi hajui? Muulize mama wa nyumba. Usimuulize mume, mume hajui. Mwanamke ndiye anayepaka ukuta udongo kila ukilowa. Ukishajua, anza kupanga bati kutoka upande wa pili, uje ukielekea inakotoka mvua, ili pale bati linapolalia lingine upepo usiingize maji. Bati lilale migongo miwili juu ya mwenzake. Si mmoja. Mmoja ni uchoyo. Na anza chini upande juu, la juu lilifunike la chini kama nyoya za kuku."

Akaendelea hivyo mpaka basi la pili likapita. Alichora kwa mkaa kwenye ubao. Alinionyesha namna ya kutembea juu ya paa, mguu kwenye mbao tu, kamwe si katikati. Kisha akajaza mfuko nyundo, kamba, na koleo la kukatia bati, akanitwika begani.

"Hivi vitu nimekuazima wewe," akasema. "Sijui unakwenda navyo wapi."

Jumamosi ikafika. Tulikuwa kumi na watatu, bila kumhesabu Wangeci. Wanne hawakuja, na sitawataja, wana wajukuu wao. Tulibeba mabati kwa mgongo, kamba ya kubebea kuni ikiwa kipajini, tukapanda ile njia ya kilima. Mama Muriuki alitangulia. Hakuna aliyeimba, mpaka tulipopita dukani, ambapo wanaume walikuwa wamekaa.

"Ati leo wanawake ndio watapanda juu ya nyumba?" mmoja akauliza. "Mmeona wapi?"

Kwetu mwanamke hakupanda paa, ilikuwa mkosi. Tena kulikuwa na jambo la nguo. Mimi nilikuwa nimevaa kaptura ya mume wangu chini ya rinda, nimeifunga kwa kamba ya katani. Mwingine akaona, akapiga kelele, "Nyawira amekuwa mzee wa nyumba!" Mama Muriuki akasimama na mzigo wake. "Mkiona aibu," akawaambia, "njooni mpande nyinyi." Wakatazama viatu vyao. Hapo ndipo mtu nyuma yangu alianza wimbo.

Wangeci alikuwa amefagia mpaka njiani. Aliponiona tu nikamuuliza mvua inapiga ukuta gani, naye akanionyesha bila kufikiri. Sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ilikuwa motoni chini ya mparachichi. Kabiru hatukumwona. Tulijua yuko, nyuma ya ghala, maana tulisikia kikohozi chake.

Tukaangua nyasi kuukuu. Masizi, panya, vumbi la miaka, sote tukawa weusi hatutambuani. Nikapanda. Nilifunga kamba ili mstari unyooke, nikaomba bati la kwanza, nikapiga msumari wa kwanza mgongoni, nikasema kimoyomoyo, mama mkwe, huu ni wako.

Kazi ilikwenda. Wawili wanainua bati, mmoja anapanda ngazi nalo, mimi napokea. Ngazi ilikuwa ya miti, na pale chini palikuwa na mteremko, kwa hivyo kulikuwa na mama mmoja wa kuishika tu. Mchana upepo ukaanza. Bati moja lililokuwa limelazwa chini likainuka, yule mama akaiacha ngazi akalikimbilia kabla halijamkata mtoto. Mama Muriuki alikuwa juu karibu kunifikia, bati kichwani, mikono yote miwili juu.

Niliona ngazi ikianza kuteleza.

Kisha ikasimama.

Mama Muriuki akatazama chini, nami nikatazama. Kabiru alikuwa ameishika. Alikuwa ametoka mbio kutoka nyuma ya ghala bila viatu. Nilikuwa nimemjua mtu huyu kwa jina lake baya tu, na sasa nilimwona ni mzee aliyekonda, koti limempwaya, uso umeinama kati ya miti ya ngazi.

Wangeci alifunika mdomo kwa shuka.

"Ishike vizuri," Mama Muriuki akasema.

"Nimeishika."

"Kwa mikono yote miwili."

"Ni yote miwili, Mama Muriuki."

Mama Muriuki akapanda daraja moja, na lingine, akanifikia. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Akaniambia, "Chukua bati. Unaniangalia nini?"

Kabiru hakuiacha ngazi hiyo mpaka bati la kilele lilipopigiliwa. Wenzetu walijaribu kumpokea, akatikisa kichwa.

Jumatatu yake Mzee Gachanja alikuja Mukurweini kuchukua vyombo vyake. Ndivyo alivyosema. Lakini alipita kwanza kwa Wangeci, peke yake. Aliniambia baadaye, "Mstari wa tatu kuna msumari umepinda. Nimeung'oa nikapiga mwingine. Sikutaka watu waseme mwanafunzi wangu anapinda misumari." Akaudaka mfuko wake akaondoka.

Tuliezeka nyumba zote kumi na nane. Wawili kati ya wale wanne walirudi wenyewe, hatukuwauliza kitu; wawili wengine walikuwa wameshaezekewa. Tulipomaliza hatukujua kuacha. Tulifunga mifereji ya bati kwenye mapaa, tukajenga matangi, na mtoni tukawa tunakwenda kufua tu. Kisha tukaezeka shule ya watoto wadogo, na hapo wanaume walikuja wenyewe na misumeno yao. Mume wangu alirudi mwisho wa mwezi akakuta mkewe anaitwa fundi mpaka Karatina. Alisema jambo moja tu. "Basi kaptura yangu umeichukua kabisa?" Nilifanya kazi hiyo mpaka magoti yakakataa. Wasichana niliowafunza siwezi kuwahesabu, na leo nasikia baadhi yenu katika darasa lenu ni wasichana, na hakuna anayewapigia kelele dukani.

Mwalimu ameniomba niwaeleze pia watu huunganishwa na nini. Mimi sikusoma sana. Najua tu kwamba sisi hatukuanza kwa kupendana. Wengine wetu tulikuwa na sababu nzuri sana za kutopendana. Tulianza na jambo lililomwuma kila mtu, tukaahidiana, na ahadi ikafika mahali pagumu, tukaona haya kuivunja mbele ya wenzetu. Upendo ulikuja nyuma, polepole.

Lakini nimeruka kitu, na sitaki kuweka kalamu chini kabla ya kukisema.

Jumamosi ile ile, tulipokuwa tumemaliza tu, mvua ilikuja. Si manyunyu. Mvua ya kwetu, inayoanguka yote mara moja. Tulikimbilia ndani sote, wanawake kumi na watatu, watoto, Wangeci na sufuria yake, na Kabiru, ambaye hakuwa na pa kukimbilia pengine kwa sababu ni nyumbani kwake. Tukakaa goti kwa goti. Mimi nilitazama juu tu, nikingojea tone. Halikuja. Hata moja.

Nyinyi mmezaliwa chini ya mabati, hamjui. Mtu aliyezoea nyasi, akisikia mara ya kwanza mvua kubwa juu ya bati, anadhani dunia inavunjika. Kelele ile! Wangeci alikuwa anagawa githeri na anasema kitu, tunaona meno tu. Tukaanza kucheka, na kicheko chenyewe hakisikiki, na hilo likatuchekesha zaidi.

Mama Muriuki alikuwa amekaa upande wa pili, sahani mapajani. Nilimwona akimgeukia Kabiru, aliyekuwa karibu na mlango. Midomo yake ikasogea. Alisema maneno machache, labda manne, labda matano. Kabiru akainua uso wake kwa mara ya kwanza siku ile. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaanza kujifuta macho kwa mkono wa koti, akijifanya ni masizi.

Miaka mingi baadaye, Kabiru akiwa ameshazikwa, nilimuuliza Mama Muriuki alimwambia nini siku ile.

"Nilimwomba chumvi," akasema.

Githeri ile niliila mimi, vijana. Ilikuwa na chumvi ya kutosha.